Vyuo vya kibinafsi vyamfungulia msomi wa sheria mlango, ngazi bado fupi

MZAZI anayemtafutia mwanawe nafasi ya kusomea sheria mjini Thika au Ruiru huuliza karo ni kiasi gani na iwapo chuo kimeidhinishwa. Ni nadra aulize swali la tatu: je, watakaomfundisha ni wahadhiri wa kudumu au wa muda?

Swali hilo lina uzito. Kwa miaka mingi, aliyetaka kufundisha sheria katika chuo kikuu nchini alikuwa na mlango mmoja, Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanzisha kitivo chake mwaka wa 1970. Chuo Kikuu cha Moi kilifuata katika miaka ya tisini.

Vyuo vya kibinafsi vimeongeza milango. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, chenye makao yake Thika, kilipewa hati ya kudumu mwaka wa 2011, nacho Zetech cha Ruiru kikapewa yake mwaka wa 2022. Vyote viwili hufundisha sheria, ingawa kitivo cha Mount Kenya kiko Parklands, Nairobi.

Ukaribu na mahakama una faida. Wakili aweza kutetea kesi asubuhi na kufundisha jioni, na mwanafunzi akapata elimu iliyotoka kortini moja kwa moja. Hata hivyo, mhadhiri wa muda hulipwa kwa masomo au saa alizofundisha. Halipwi kwa utafiti, wala hapewi likizo ya kujiendeleza.

Hapo ndipo ngazi inapokatika. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka wa 2014 ziliifanya shahada ya uzamifu kuwa sifa ya msingi ya cheo cha mhadhiri. Anayetaka kupanda hadi uprofesa hudaiwa pia machapisho. Mwenye shahada ya uzamili, anayekimbia kutoka kortini hadi darasani, atayaandika saa ngapi?

Hasara si yake peke yake. Kifungu cha 166 cha Katiba ya 2010 chamruhusu msomi mashuhuri wa sheria kuwa jaji wa Mahakama Kuu baada ya tajriba ya miaka 10, na wa Mahakama ya Juu baada ya miaka 15. Willy Mutunga, Jackton Ojwang na Smokin Wanjala, waliokuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu mwaka wa 2011, wote waliwahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Umashuhuri huo hujengwa kwa utafiti, nao utafiti hutaka muda.

Vyuo navyo vina kilio chao. Hutegemea karo, na mpango wa serikali wa kuwapelekea baadhi ya wanafunzi iliowafadhili, ulioanza mwaka wa 2016, ulikoma mwaka wa 2023. Kuajiri kwa muda ni njia rahisi ya kupunguza gharama.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chuo kinachotamani maprofesa hakina budi kugharamia miaka ya kuwalea. Naye mzazi, baada ya kuthibitisha leseni kwa Baraza la Elimu ya Sheria, aulize wahadhiri wa kudumu wa sheria ni wangapi, na wangapi kati yao wana uzamifu. Jibu litamwonyesha mwanawe anaingia mikononi mwa nani.