Gari Lishindalo Matope, na Funzo Lake kwa Shamba Lako

Ndugu mkulima, bila shaka umeliona jambo hili zaidi ya mara moja. Mvua ya masika imenyesha siku tatu mfululizo. Lori limekuja kuchukua viazi, likaacha barabara ya changarawe na kuingia njia ya shambani. Hatua hamsini tu, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja. Dereva akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, na lori likazidi kuzama mpaka tumbo lake likalala juu ya matope. Ndipo majirani wakaitwa. Mmoja akaleta jembe, mwingine akakata matawi akayasukuma chini ya magurudumu, na lori likatoka.

Sasa jiulize: je, matawi yale yana nguvu gani? Hayana nguvu hata kidogo. Injini ni ile ile na dereva ni yule yule. Lililobadilika ni jambo moja tu. Uzito uliokuwa umesimama juu ya mahali padogo umeenezwa juu ya mahali pakubwa.

Mwezi huu twataka kukueleza habari za magari yaliyotengenezwa kwa akili hiyo hiyo ya matawi. Magari hayo hupita matopeni, huingia mtoni yakaelea, kisha hupanda ukingo wa pili na kuendelea na safari. Huenda usimiliki hata moja maisha yako yote. Lakini ukielewa jinsi yanavyofanya kazi, utaweza kuuhifadhi udongo wako, na pengine uhai wako pia.

Fikira ilianzia pwani ya Alaska

Alaska ni jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa, nchi ya baridi kali. Wenyeji wa pwani ya huko ni wawindaji wa sili, mnyama wa baharini mwenye ngozi ngumu. Katika miaka ya 1930 Mmarekani mmoja, William Albee, aliyekuwa mwalimu huko, aliwaona wenyeji hao wakipandisha mashua nzito kutoka majini. Hawakuiburuta. Waliweka chini yake ngozi za sili zilizojazwa upepo kama mifuko, na mashua ikaviringika juu yake bila kuzama mchangani.

Albee hakulisahau jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza gari ambalo badala ya tairi za kawaida lilikuwa na mifuko mipana ya mpira, kila mmoja kama pipa lililolazwa ubavu, wenye upepo kidogo tu ndani yake. Alilipa jina la Rolligon. Jeshi la Marekani lililijaribu, na baadaye makampuni ya mafuta yakatumia magari ya namna hiyo huko Alaska, mahali ambapo ardhi ni laini sana wakati wa joto, na alama za magari ya minyororo huweza kubaki miaka mingi bila kufutika.

Katika wakati wetu huu, gari la namna hiyo linalojulikana sana ni Sherp. Mbuni wake ni fundi Mrusi, Aleksei Garagashyan wa mji wa St. Petersburg. Ukiliona kwa mbali utacheka, kwa maana mwili wake ni mfupi kama sanduku na magurudumu yake manne ni makubwa ajabu. Kila tairi ina kimo cha mita 1.6, yaani karibu sawa na mtu mzima, na upana wa sentimita 60. Lakini injini yake ni ndogo. Ni ya dizeli ya lita 1.5, yenye nguvu za farasi 44 hivi, ambazo ni chache kuliko za matrekta mengi uyaonayo yakilima katika skimu zetu. Basi, si nguvu inayolipitisha matopeni.

Upepo kidogo, wayo mpana

Hesabu yake ni rahisi. Tairi ya motokaa ndogo hujazwa upepo kiasi cha ratili 30 kwa kila inchi ya mraba, yaani kilo 2 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Na tairi huikanyaga ardhi karibu kwa kadiri ile ile ya upepo ulio ndani yake. Kama motokaa ina uzito wa kilo 1,200, basi magurudumu yake yote manne hugusa ardhi kwa sentimita za mraba 600 tu. Kila gurudumu limesimama juu ya mahali pa ukubwa wa mkono wako ulionyoshwa. Ni ajabu gani, basi, likizama?

Sasa punguza upepo mpaka uwe sehemu moja ya kumi. Tairi italegea na kutandaza wayo wake mpaka iguse ardhi mara kumi zaidi. Hivyo ndivyo Sherp ilivyo. Gari lenye uzito wa kilo 1,300 hivi huikanyaga ardhi kwa upole, karibu kama mtu aliyesimama kwa miguu yake miwili. Ndugu zetu wa kaskazini wanaofuga ngamia walilijua jambo hili tangu zamani. Kwato za ng'ombe ni ngumu na ndogo, nazo huzama. Wayo wa ngamia ni laini na hutanuka akiukanyaga mchanga.

Na kuelea je? Chukua debe tupu, lizibe vizuri, kisha ujaribu kulizamisha katika pipa la maji. Litakusukuma juu kwa nguvu za kilo 20 hivi, kwa sababu hiyo ndiyo kadiri ya uzito wa maji liliyoyaondoa mahali pake. Tairi moja ya Sherp ina nafasi kama ya madebe 40. Tairi nne, basi, zaweza kubeba zaidi ya kilo 3,000 juu ya maji, na gari pamoja na shehena ya tani moja halifiki huko. Likiwa majini husukumwa na magurudumu yake yenyewe yanayozunguka, lakini polepole sana, kilomita 6 kwa saa hivi, kama mwendo wa mtu anayeharakisha hatua.

Kazi yake Sudan Kusini

Jirani zetu wa Sudan Kusini walipatwa na mafuriko makubwa kuanzia mwaka 2019, mwaka baada ya mwaka. Katika majimbo ya Jonglei na Unity maji yalifunika mashamba na malisho, na mwaka 2021 mji wa Bentiu ulizungukwa na maji. Udongo mwingi wa huko ni mweusi wa mfinyanzi, kama ule ambao wengi wenu mnaujua huku kwetu; ukilowa, hushika mguu na gurudumu. Lori halipiti kwa sababu hapana barabara. Mashua haipiti kwa sababu baada ya maji huja matope, na baada ya matope huja maji tena. Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa, WFP, lilipeleka magari ya Sherp huko ili kuwafikishia chakula watu ambao hawangeweza kufikiwa kwa njia nyingine ila kwa ndege. Hiyo ndiyo kazi ifaayo gari hilo. Bei yake ni kubwa mno kwa kazi ya shamba, nasi hatukushauri wewe wala chama chako cha ushirika kulitafuta.

Funzo la kwanza: udongo wako

Lakini funzo lake halina bei. Lori lile lililozama lilipotoka, ulidhani taabu imekwisha. Sivyo. Pale lilipopita, udongo umeshindiliwa, na nafasi ndogo ndogo zinazopitisha hewa na maji zimezibwa. Msimu ujao utaona mahindi mafupi ya manjano katika mistari miwili, na maji yakituama hapo kila mvua inaponyesha. Basi fanya hivi:

Kwanza, pima udongo kabla ya kuruhusu trekta kuingia. Chukua udongo wa kina cha shibiri moja, uuviringishe viganjani. Ukitoka kama kamba ya unga wa chapati, ngoja. Ukimeguka, lima.

Pili, tenga njia moja ya magari, nayo iwe pembeni mwa shamba. Gari hudhuru zaidi mara ya kwanza linapopita. Ni heri njia moja iharibike kuliko shamba zima.

Tatu, mazao yachukuliwe kwa mkokoteni au mabegani mpaka barabarani wakati wa mvua. Lori likingojea barabarani, halitazama wala halitakuharibia shamba.

Nne, mwenye trekta asome kitabu cha mtengenezaji kuhusu upepo wa tairi. Mara nyingi upepo wa shambani ni mdogo kuliko wa barabarani. Lakini asipunguze kupita kiasi kilichoandikwa, kwa maana tairi itapasuka ubavuni, na airudishie upepo kabla ya kurudi barabarani.

Tano, usiwaache ng'ombe wa maziwa katika malisho yaliyolowa chepechepe. Kwato nazo hushindilia.

Funzo la pili: maji ya mafuriko

Katika masika ya mwaka 2024 mito mingi ya Kenya ilifurika, na watu wengi walipoteza maisha. Baadhi yao walikuwa garini. Kumbuka lile debe. Maji yanayoiokoa Sherp ndiyo yanayomwua dereva wa motokaa ya kawaida, kwa maana nayo huinuliwa kidogo. Ikiisha kuinuliwa, tairi haziishiki tena ardhi, wala usukani na breki hazina kazi. Maji huichukua yapendako. Maji ya sentimita 60 yaendayo kasi yatosha kuchukua motokaa nyingi. Na huwezi kujua kama barabara iliyo chini ya maji bado ipo au imechukuliwa. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi dereva akikuambia, "Tutapita tu," shuka. Ngoja maji yapungue, hata ikiwa maziwa yatachacha. Maziwa ya kesho yapo.

Ndugu mkulima, matope hayashindwi kwa kukanyaga mafuta. Hushindwa kwa uzito ulioenezwa, kwa mwendo wa pole, na kwa mtu ajuaye wakati wa kungoja. Mvua ijayo ikinyesha, toka ukaangalie alama za magurudumu shambani mwako, ukamwonyeshe afisa wa kilimo wa wadi yako. Atakusaidia kuchagua mahali pa kupitisha njia kabla lori halijaja.