Kalibu za Risasi na Kikombe cha Kitako

Mfasiri atwaaye kitabu cha mafundi wa bunduki wa Marekani, ambako wapigaji shabaha wengi husubu risasi zao wenyewe, hukwama tangu ukurasa wa kwanza. Neno risasi lina maana tatu: madini, kipande kirukacho kutoka mtutuni, na kitu kizima pamoja na ganda, baruti na fataki. Akiandika "risasi ya risasi" hajavunja sarufi, ila hakuna atakayemwelewa. Katika makala haya tutasema madini ya risasi na kichwa cha risasi, na neno risasi pekee tutaliachia kitu kizima, kwa maana ile pana iliyomo katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi.

Kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu, ni neno letu la siku nyingi. Hakuna haja ya kukopa. Kalibu limetoka katika Kiarabu, na wanaisimu wengi hulihusisha neno hilohilo la Kiarabu na lile la Ulaya lililotupatia kaliba, yaani kipimo cha kipenyo cha mtutu. Basi ni ndugu wawili waliofika kwetu kwa njia mbalimbali. Mpiga chapa na awe macho: herufi moja ikipotoka, kipimo hugeuka kuwa chombo.

Ugumu hasa uko kwenye kitako. Madini ya risasi ni laini, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Baruti iwakapo, gesi yenye joto na kanieneo kubwa hupenya kandokando ya kichwa, hukila kitako, na kuacha madini yakigandamana katika mifereji ya mtutu. Shabaha hupotea. Ili kuzuia hayo, mafundi hukivika kitako kikombe kidogo chembamba, aghalabu cha shaba. Jina lake la Kiingereza lina maana ya "zuio la gesi", lakini kizuia gesi kwa Kiswahili humletea msomaji picha ya vali, au ya barakoa ya askari. Twapendekeza kikombe cha kitako. Ni kweli kwamba bunduki nayo ina kitako chake, kile kikaacho begani. Kwa hiyo mfasiri aandike kwanza "kikombe cha kitako cha kichwa cha risasi", ndipo afupishe.

Kikombe hiki hakivaliwi na kila kichwa, na hapa uteuzi wa neno huwa ndio uteuzi wa kalibu. Ziko kalibu zitoazo kitako bapa. Hizo zatosha kwa risasi za mwendo mdogo, kama nyingi za bastola. Ziko zitoazo kitako cha mshazari, ambacho ukingo wake umechongwa kidogo ili kichwa kiingie katika ganda bila taabu. Na ziko zitoazo kitako chenye kidato, ambacho kipenyo chake hupungua ghafla: katika kaliba ya milimita 7.62, kichwa huwa na takriban milimita 7.8 na kidato takriban 7.2. Kikombe hukaa juu ya kidato tu. Mfasiri akiyaita mawili haya ya mwisho "kitako kilichopunguzwa", msomaji atanunua kalibu ya mshazari, na vikombe vyake havitashika. Hata mwenye kalibu ya kidato yampasa kupima kwanza, kwani unene wa vikombe hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Limebaki jina la kile kifaa chenye tundu ambamo kichwa husukumwa ili kikombe kibanwe na kipenyo kisawazishwe. Hakifai kuitwa kalibu, maana hakuna kinachomiminwa humo. Kwa sasa twakiita kibano cha kipenyo, mpaka wasomaji watuletee neno lililo bora.