BREKI YA MKONO: ANZA KWENYE GURUDUMU, MALIZIA KWENYE WAYA

Hapa Masakta, na katika vijiji vingi vya Hanang na Mbulu, magari husimama penye mteremko. Husimama kupakia mahindi, mbaazi na maharage. Husimama kushusha watu siku ya mnada. Watoto nao huja kuliangalia gari. Breki ya mkono ikiwa mbovu, gari linaweza kuondoka lenyewe. Gari lenye mzigo wa magunia 10 likianza kuteremka, hakuna mtu wa kulizuia kwa mikono.

Utasikia dereva anasema, "Handibreki imekufa, lakini utingo ataweka jiwe." Jiwe ni msaada tu. Jiwe siyo breki.

Basi tujifunze handibreki inavyofanya kazi, na namna ya kuirekebisha.

INAVYOFANYA KAZI

Magari mengi ya zamani, kama Peugeot 404, na Hilux nyingi, yana breki za dramu kwenye magurudumu ya nyuma. Dramu ni chuma cha mviringo, mfano wa sufuria iliyolazwa ubavu. Dramu huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga. Mafundi huviita breki shuu. Breki shuu hazizunguki. Kazi yake ni kutanuka na kuibana dramu kwa ndani.

Ukikanyaga breki ya mguu, mafuta ya breki ndiyo yanayozisukuma breki shuu. Ukivuta handibreki, waya ndio unaozivuta, kama waya wa breki ya baiskeli. Breki shuu ni zile zile, lakini njia ni mbili.

KOSA LINALOFANYWA NA WENGI

Kila siku breki shuu husuguliwa na kulika. Nafasi kati yake na dramu huongezeka. Kwa hiyo mkono wa handibreki huanza kupanda juu sana kabla ya kushika.

Hapo wengi huchukua spana na kukaza waya tu. Mkono haupandi tena, na dereva anafurahi. Lakini ugonjwa bado uko ndani ya gurudumu. Waya uliokazwa mno huzifanya breki shuu zisugue dramu muda wote. Dramu hupata moto. Ukiteremka mlima mrefu, kama ule wa Magara unaoshuka Bonde la Ufa, moto huo unaweza kuifanya hata breki ya mguu ilegee. Hivyo mtu aliyetaka kuponya breki moja ameharibu zote mbili.

Kanuni ni hii: anza kwenye gurudumu, malizia kwenye waya.

HATUA ZA KUFUATA

1. Simamisha gari mahali tambarare. Weka kabari za mti mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Weka gia huru. Achia handibreki.

2. Inua nyuma ya gari kwa jeki. Kisha egemeza gari juu ya stendi za chuma au magogo mapana na imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ikiteleza, gari litakuangukia.

3. Legeza nati ya waya wa handibreki. Waya uwe huru kabisa.

4. Nenda nyuma ya gurudumu, upande wa ndani. Katika magari mengi utaona tundu lililozibwa kwa mpira. Humo mna kigurudumu kidogo chenye meno. Kizungushe kwa bisibisi, jino baada ya jino, mpaka gurudumu la gari ligome kuzunguka. Baadhi ya magari ya zamani hayana tundu hilo. Yana kichwa cha nati ambacho huzungushwa kwa spana.

5. Sasa rudisha nyuma kidogo kidogo, mpaka gurudumu lizunguke kwa mkono. Ukisikia linagusa kwa mbali sana, siyo kitu. Likiwa zito, rudisha tena.

6. Fanya hivyo hivyo upande wa pili. Magurudumu yote mawili yawe sawa. Kanyaga breki ya mguu mara mbili au tatu, breki shuu zikae mahali pake. Pima tena.

7. Sasa ndipo ukaze waya. Vuta mkono wa handibreki na uhesabu milio yake: ka, ka, ka. Katika magari mengi yenye mkono kati ya viti, inafaa ishike kati ya mlio wa 4 na wa 8. Kitabu cha gari ndicho chenye hesabu kamili ya gari lako.

8. Achia handibreki. Magurudumu yote mawili lazima yazunguke bila uzito. Kama yanabana, umekaza mno. Legeza.

Ukimaliza, jaribu kwenye mteremko mdogo. Dereva akae ndani, mguu karibu na breki. Mtu yeyote asisimame upande wa chini.

TAHADHARI KWA WENYE LAND ROVER

Land Rover za zamani, kama Series III iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zina utaratibu mwingine. Handibreki yake haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda difu ya nyuma. Dramu yake ni moja tu, nyuma ya giaboksi.

Hapa pana hatari kubwa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu hulipa nafasi ya kuzunguka hewani. Lile lililobaki chini nalo linaweza kuzunguka, na gari likaondoka ingawa umevuta handibreki hadi mwisho. Kwa hiyo kabla ya kubadili tairi la Land Rover, weka kabari kwanza. Tena usivute handibreki yake gari likiwa katika mwendo, isipokuwa huna njia nyingine. Unaweza kuvunja shafti au difu.

KUREKEBISHA KUSIPOSAIDIA

Mpelekee fundi gari ukiona mambo haya: breki shuu zimelika karibu na chuma, waya umeshika kutu au nyuzi zimekatika, au mafuta yamevuja ndani ya dramu. Breki shuu iliyolowa mafuta haishiki hata ukaze vipi.

Dramu ikifunguliwa, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Breki shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

UNAPOEGESHA GARI

Vuta handibreki, kisha zima injini na uache gari kwenye gia. Likielekea juu, tia gia namba moja. Likielekea chini, tia rivasi. Kata usukani ili gari likiondoka ligote kwenye ukingo wa barabara, siyo kwa watu. Halafu weka kabari. Ukiondoka, usiache mawe barabarani, maana mwenye pikipiki atakuja usiku asiyaone.

Nusu siku ya kazi na spana mbili ni gharama ndogo. Uhai wa mtoto hauna spea.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mkono wa handibreki huanza kupanda juu?
2. Kuna ubaya gani kukaza waya peke yake?
3. Handibreki ya Land Rover ya zamani inashika nini?
4. Katika kijiji chenu, magari husimama wapi penye mteremko? Watoto hucheza wapi?