Saratani ya Utumbo Mpana: Jinsi Uvimbe Unavyoikwepa Kinga ya Mwili

Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na saratani ya utumbo mpana ya hatua ileile, wakafanyiwa upasuaji wa aina moja, kisha mmoja akapona ilhali mwenzake ugonjwa ukamrudia. Sababu mojawapo ni askari wa mwili waitwao seli T. Mwaka 2006, Jérôme Galon na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba wingi wa seli hizo ndani ya uvimbe, na mahali zilipokaa, hubashiri mwenendo wa ugonjwa vizuri kuliko vipimo vya kawaida vya hatua.

Karibu kila seli huonyesha kwa nje vipande vya protini zake, mithili ya kitambulisho. Seli T hukikagua na kuua seli yenye kasoro. Uvimbe huukwepa ukaguzi huo kwa njia kadhaa. Huweza kuficha kitambulisho. Huweza kutumia protini ya PD-L1, ambayo ikishikana na PD-1 iliyo juu ya seli T huidhoofisha kama breki. Tena huweza kutumia kemikali kama TGF-beta kuzizuia seli T zisipenye ndani.

Takriban uvimbe 15 kati ya 100 wa aina hii una hitilafu katika mfumo wa kurekebisha makosa ya DNA. Makosa yakirundikana, huzaa protini ngeni zinazoamsha kinga. Uvimbe nao husalimika kwa kukanyaga breki. Ndiyo maana dawa za kuachia breki hufaa hapa. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020 kwa wagonjwa wa kundi hili ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, pembrolizumab iliuzuia ugonjwa usisonge mbele kwa wastani wa miezi 16.5, dhidi ya miezi 8.2 kwa tibakemikali. Kwa wagonjwa wengi wasio na hitilafu hiyo, dawa hizo zikitumiwa peke yake ni nadra kusaidia.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya aombe kipimo cha protini MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 katika kipande kilekile cha nyama kilichochukuliwa kuthibitisha saratani. Majibu huongoza tiba, na pengine hufichua hitilafu ya kurithi inayowahusu ndugu wa mgonjwa. Nawe mgonjwa, muulize daktari wako kama kipimo hicho kimefanyika. Na yeyote aonaye damu katika choo asikimbilie kusema ni bawasiri. Achunguzwe mapema, kwani uvimbe uliogunduliwa kabla ya kusambaa mara nyingi hutibika.