Mkwezi na kamba yake

Msomaji mpenzi, ukiketi mbele ya sahani ya wali wa nazi, ama ukisimama kando ya barabara ya Malindi ukikata kiu kwa dafu, jiulize suala moja tu: kitu hiki kilishushwaje? Mnazi mrefu wa pwani yetu huweza kufika mita 25, na hauna hata tawi moja la kushikia. Kati ya ardhi na kilele chake yupo mtu, na kati ya mtu huyo na kaburi lake aghalabu hakuna ila kamba. Leo basi tuizungumze kamba hiyo.

Wengi huwachanganya mkwezi na mgema. Mkwezi huitwa nazi zikikomaa, akaangua, akalipwa kwa hesabu ya miti, akenda zake. Mgema hana mapumziko. Yeye huurudia mti ule ule asubuhi na jioni, kotama kiunoni na kibuyu ubavuni, akalichonge karara ili tembo liendelee kutona. Tuseme ana minazi 15, na kila mmoja una mita 15. Kwa siku moja amekwea mita 450, na kushuka vivyo hivyo. Kwa siku 12 amekwea mita 5,400, na Mlima Kenya wenyewe una mita 5,199. Waendao mlimani huvaa viatu maalumu na hufuatana na viongozi. Mgema wetu yu miguu mitupu, na kiongozi wake ni Mola peke yake.

Zipo njia mbili kuu za kukwea mnazi. Ya kwanza ni kuuchanja shina kwa panga, ukatiwa vipandio toka chini hadi juu. Ya pili ni kutia miguu katika kitanzi cha kamba, mkwezi akaling'ang'ania shina kwa mikono, akavuta miguu, akasimama, akavuta tena. Vipandio ni rahisi na havitaki gharama, na ndiyo sababu vimeenea mno mashambani. Lakini mnazi si mwembe. Mwembe ukikatwa gome, huota gome jipya na kidonda kikafungika. Mnazi hauna uwezo huo: shina lake halinenepi mwaka hadi mwaka, na jeraha ulilolitia leo litabaki vile vile mpaka siku utakapoanguka. Maji ya masika hutuama humo, kuoza huanza, na wadudu hupata mlango. Mwenye shamba aliyeona kamba ni ghali, hulipa kwa mti wake.

Kwa hiyo kamba ni bora, lakini kamba gani? Wazee wetu walikuwa na jawabu lililotoka katika mnazi wenyewe. Makumbi yalifukiwa katika matope ya pwani miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa, yakasokotwa. Kwa kamba hizo hizo ndizo mbao za mitepe ya visiwa vya Lamu zilishonwa, vyombo vikasafiri bila ya msumari. Kamba ya makumbi huuma vizuri shinani na haiogopi maji ya chumvi. Lakini ni dhaifu kuliko ya katani yenye unene ule ule, na zote mbili huoza kutoka ndani, nje zikionekana nzima.

Siku hizi duka lolote la vifaa huuza kamba za plastiki za rangi ya kupendeza, buluu, manjano na kijani. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na huelea majini. Kwa mvuvi ni neema. Kwa mkwezi ni adui mwenye uso wa kucheka. Jua huzila kidogo kidogo hata zikawa za kuvunjikavunjika, na moto wa msuguano huziyeyusha upesi. Nailoni ni bora zaidi kwa kuwa hunyumbuka, na mtu akiteleza humpokea pole pole badala ya kumkata kiuno. Hata hivyo nailoni iliyoloa hupungukiwa na nguvu, na fundo lolote hupunguza nguvu za kamba yoyote.

Nguvu kiasi gani zatosha? Kanuni za Marekani za kazi ya miti zataka kamba ya kukwelea isikatike chini ya mzigo wa pauni 5,400, yaani karibu kilo 2,450. Msomaji atastaajabu: mkwezi ana kilo 70, ziada hii yote ya nini? Jawabu ni kwamba mtu aangukaye si sawa na mtu aliyening'inia. Mwili ulioporomoka mita mbili kisha ukazuiwa ghafula, huivuta kamba kwa nguvu iliyo mara nyingi kuliko uzito wake. Tia fundo, tia uchakavu, tia mvua, na ile ziada yapukutika.

Mjini kuna kazi nyingine, nayo ina hatari zaidi. Mwembe mkongwe umeegemea paa la bati, tawi lake ni zito kama ng'ombe, na chini yake kuna nyumba ya watu na pengine waya za umeme. Hapa mkwezi ahitaji kamba mbili zisizojuana: moja ya mwili wake, na nyingine ya kushushia mzigo. Kamba iliyokwisha shusha magogo isipewe kamwe roho ya mtu, kwani haijulikani imeumia wapi.

Elimu ya kushusha tawi mabaharia wetu waijua tangu zamani. Kapi linalopandisha foromali ya jahazi ndilo lile lile linaloshusha gogo. Lakini ipo siri moja: gogo la kilo 100 likining'inia kwenye kapi huku mtu chini akiishika kamba, basi panda lililofungwa kapi halibebi kilo 100, bali 200, kwa sababu pande zote mbili za kamba huvuta. Likidondoka kabla ya kamba kukaza, huwa mengine kabisa. Kwa hiyo hukatwa vipande vidogo vidogo, na wa chini haishiki kamba kwa mikono mitupu. Huizungusha shinani mara mbili tatu, kama baharia afungavyo chombo gatini, akaiachia taratibu. Na panapokuwa na waya za umeme, mti haukwewi mpaka umeme ukatwe, maana tawi bichi hupitisha umeme.

Na ukaguzi je? Kila asubuhi kamba yote ipite mkononi, shubiri kwa shubiri. Palipokuwa pagumu na kung'aa pameungua. Ukizipanua nyuzi ukaona unga ndani, imekwisha. Isilale juani, isikaribie mafuta wala maji ya betri, na isiazimwe kuvutia gari wala kufungia mbuzi. Kwa maneno ya kishairi:

Waendao mnazini, kwanza tazameni kamba,
Uzi mmoja wa ndani, ukikatika mwembamba,
Mtarejea nyumbani, mmebebwa toka shamba,
Roho haiko dukani, kinunuliwacho kamba.

Sasa tufike kwenye kiini. Kamba njema na mshipi wa kiunoni na mapajani ni ghali, na mkwezi hulipwa kidogo kwa kila mti. Tukimwambia ajinunulie, twamwambia achague baina ya kamba na unga wa watoto. Kenya inayo sheria ya usalama na afya kazini, na ile ya fidia kwa walioumia kazini, zote za mwaka 2007. Lakini mtu aliyeitwa mlangoni kwa mluzi, akakwea, akalipwa mkononi, hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliajiriwa. Akianguka, huambiwa ni ajali ya Mungu.

Ng'ambo ya bahari hii hii, katika jimbo la Kerala huko India, wakwezi walipopungua, Halmashauri ya Maendeleo ya Nazi ilianza mwaka 2011 kuwafundisha vijana, wanaume kwa wanawake, kukwea kwa chombo cha chuma kinachokumbatia shina na kusukumwa kwa miguu, na wakawekewa bima. Shina halikuchanjwa, na mkwezi alipata heshima ya fundi. Pepo zilizotuletea majahazi kutoka Malabari hazishindwi kutuletea fikira hii.

Nasi twaweza kuanza kwa dogo kuliko hilo. Mwenye shamba anunue kamba na mshipi wa kukaa shambani mwake, kama anunuavyo panga na jembe. Mwenye nyumba anayetaka mwembe wake ukatwe, aulize kwanza kamba, ndipo aulize bei. Wahenga walinena, mpanda ngazi hushuka. Nasi tuongeze: na ashuke kwa miguu yake.