Majilio Shambani, Kwaresima Ghalani

Mkoani Ruvuma, ambako Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, mwaka mpya wa Kanisa Katoliki humkuta mkulima ameshika jembe. Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Noeli, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, siku zilezile za mvua za kwanza. Padre huvaa zambarau na kuhubiri juu ya kukesha na kungoja. Waumini wametoka kufukia mbegu za mahindi na macho yao yako mawinguni. Mahubiri hayo hayahitaji maelezo marefu.

Noeli hupita upesi kwa mavazi meupe, vigelegele na watoto wa mjini waliorudi kusalimia wazazi. Kipindi kizito kinakuja.

Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, haina tarehe moja, kwa kuwa huhesabiwa kutoka Pasaka, na Pasaka huufuata mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Haitangulii Machi 22 wala haivuki Aprili 25. Majivu yenyewe hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Kwa kusini, Kwaresima huangukia miezi ambayo mahindi mapya hayajakauka na yale ya zamani yamebaki chini kabisa ya kihenge. Kanisa linadai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, pamoja na kuacha nyama siku za Ijumaa. Lakini kaya kadhaa zimekwisha kupunguza mlo bila kuagizwa na mtu. Kumwambia mama wa nyumba hiyo ajinyime zaidi ni kumwonea. Kwaresima ya hapo, kwa imani yangu, ni ya mwenye akiba: apime debe, ampelekee jirani aliyeishiwa, tena kabla hajaombwa. Jumuiya ndogondogo, zinazokusanyika nyumba kwa nyumba, zinajua moshi wa jiko gani haujaonekana tangu asubuhi. Zikiishia kwenye vituo 14 vya Njia ya Msalaba bila kumfikia mtu huyo, zimeacha nusu ya kazi.

Utukufu hauimbwi, Aleluya imenyamaza, na harusi za shamrashamra husubiri. Kamati za harusi hulijua hilo. Hupanga michango yake kuvuka Pasaka.

Katika Mkesha wa Pasaka moto huwashwa nje ya kanisa, mshumaa mpya huingizwa gizani, wakatekumeni hubatizwa, na Aleluya hurudi na ngoma zake. Furaha hiyo huendelea siku 50 hadi Pentekoste, padre anapovaa nyekundu. Kufikia hapo mahindi yanakauka shambani na watu wanatafuta magunia.

Kisha unatawala ule muda mrefu wa kijani, Kipindi cha Kawaida. Altareni ni kijani wakati nyasi za kiangazi zimekuwa kahawia, na wageni huona hizo rangi haziafikiani. Hata hivyo ndio wakati wa shibe. Waumini hupanga mstari kuelekea altareni na shukrani ya mavuno: mahindi, maharage, kuku aliyefungwa miguu. Ndipo pia harusi zilizosubiri hufungwa, Jumamosi hata Jumamosi, na kwaya haipati pumziko.