Dawa za Kingamwili: Tuulize Ni Protini Ipi Iliyobaki

Dawa za kingamwili, zinazotibu maradhi kama saratani ya matiti na baridi yabisi, nyingi huzalishwa na seli hai zilizotokana na ovari ya hamsta wa Kichina, mnyama wa jamii ya panya. Seli hizo hukuzwa ndani ya matangi na kulishwa sukari na asidi amino. Pamoja na dawa, zina maelfu ya protini zake zenyewe, na zinapokufa hupasuka na kuzimwaga. Ndipo mchanganyiko hupitishwa kwenye chujio lenye protini A, ambayo asili yake ni bakteria Staphylococcus aureus. Protini hiyo huinasa kingamwili, takataka zikaoshwa, kisha asidi ikaiachia. Hata baada ya hatua nyingine za usafishaji, masalia kidogo hubaki.

Lengo lililozoeleka viwandani ni masalia yasizidi nanogramu 100 kwa kila miligramu 1 ya dawa. Kwangu, namba hiyo inatutuliza mapema mno. Kipimo chake cha kawaida hutegemea kingamwili zilizovunwa kutoka kwa wanyama, kama sungura au mbuzi, waliodungwa protini za seli hizo. Protini ambayo mnyama hakuitambua haihesabiwi. Na hata zikihesabiwa zote, jumla haitaji jina la protini yoyote. Kimeng'enya kinachomeng'enya mafuta kikibaki kwa kiasi kidogo sana kinaweza, kwa miezi ndani ya jokofu, kuikata polisobeti inayoilinda dawa, mpaka vipande vya asidi za mafuta vikaanza kuelea kichupani.

Kwa mfano, dawa ya kingamwili lebrikizumab, iliyokuwa ikijaribiwa na kampuni ya Genentech kwa wagonjwa wa pumu, ilikutwa na protini ya hamsta iitwayo PLBL2. Takriban asilimia 90 ya waliodungwa walitengeneza kingamwili dhidi yake. Atakayepinga atasema hakuna madhara yaliyohusishwa nayo, na ni kweli. Lakini homoni ya ukuaji Omnitrope, inayozalishwa na bakteria E. koli, ilionyesha upande wa pili: katika matoleo ya awali, masalia ya bakteria yaliamsha kinga dhidi ya homoni yenyewe kwa wagonjwa wengi, hadi usafishaji ulipoongezwa. Hatari, basi, inategemea aina ya protini na kinachoandamana nayo.

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Kila hatua ya kusafisha hupoteza sehemu ya dawa, na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanahitaji trastuzumab, dawa ya kingamwili ya saratani ya matiti, kwa bei nafuu leo, si kesho. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito wote. Ila ninachodai si kusafisha kila kitu kupita kiasi. Spektrometa ya masi, mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake, huwaonyesha wahandisi mkosaji mmoja, nao wakabadilisha hatua moja tu. Ndivyo PLBL2 ilivyopunguzwa kwenye lebrikizumab, dawa iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2023 kwa ukurutu. Mamlaka zinazosajili nakala za dawa hizi zidai orodha ya majina ya protini zilizobaki, sambamba na jumla yake.